Njegere Karibu na Jiko: Faida ya Kitanda Kimoja Nyuma ya Nyumba

Katika nchi za milimani za Kenya, tangu Limuru hata Kinangop, na kuvuka Bonde la Ufa mpaka Molo, njegere ni zao linalojulikana sana, na watu wengi wa huko huziita minji. Siku ya soko magunia hupangwa kando ya barabara, wachuuzi huja na magari yao, na kabla ya jioni mali yote imekwisha kwenda Nairobi, Nakuru na kwingineko. Mwenye shamba hurudi nyumbani na fedha mfukoni, jambo ambalo ni jema, maana karo ya shule hailipwi kwa maneno. Lakini mara nyingi, katika nyumba ile ile iliyotoa gunia zima asubuhi, chungu cha jioni kina mahindi matupu, na watoto waliosaidia kuchuma hawakubakiziwa hata konzi moja.

Haifai kumlaumu mkulima kwa kuuza. Lakini yafaa kila nyumba iliyo na ardhi kidogo itenge kitanda kimoja cha njegere ambacho hakihesabiwi katika mali ya soko, kitanda kilicho hatua chache tu kutoka jikoni. Kazi yake si kubwa, gharama yake ni ndogo, na faida yake ni ya namna tatu: chakula cha watoto, mbegu za mwaka ujao, na nguvu ya udongo.

MTOTO ALIYEONDOLEWA KIFUANI

Mwaka 1935 daktari mmoja Mwingereza, Bibi Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto wadogo uliowavimbisha miguu na kubadilisha rangi ya nywele na ngozi zao. Aliuita kwa jina alilolisikia kwa wenyeji wasemao Kiga, yaani kwashiorkor: ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake aliyezaliwa. Alikuwa ameona kwamba mtoto yule, alipoachishwa maziwa ya mama, alilishwa uji wa mahindi karibu peke yake.

Tangu siku zile elimu imeendelea, na leo wataalamu wanajua kwamba ugonjwa huo una sababu zaidi ya moja. Hata hivyo onyo la mwanzo bado linasimama: mtoto hawezi kukua vema kwa nafaka peke yake. Mahindi yanampa nguvu za kucheza, lakini yana upungufu wa kijenzi kimoja cha protini kiitwacho laisini. Njegere zina laisini ya kutosha, na lile ambalo njegere zimepungukiwa, mahindi yanalo. Basi vikiwekwa katika chungu kimoja, kila kimoja humsitiri mwenzake. Mama anayeponda mukimo wa viazi, mahindi na njegere anafanya jambo la busara, hata kama hakulisoma katika kitabu chochote.

Njegere mbichi zina protini kama gramu 5 katika kila gramu 100, na zilizokaushwa zina zaidi ya gramu 20. Zile mbichi zina pia vitamini C. Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula anaweza kupewa njegere zilizopikwa zikalainika na kupondwa vizuri. Asipewe punje nzima, kwa kuwa zaweza kumkaba koo.

MAHALI NA MAJIRA

Njegere ni mmea wa nchi ya baridi. Hustawi sana mahali ambapo joto la wastani ni kati ya digrii 13 na 18 za Selsiasi. Joto likipita digrii 27 au zaidi wakati wa kuchanua, maua hupukutika na maganda hayajazi. Kwa sababu hiyo mtu wa Mombasa au wa Garissa asijisumbue nazo. Yeye ana mbaazi na kunde, ambazo hulipenda jua na humpa mlaji faida iliyo karibu sawa. Lakini mtu aliye mita 1,500 juu ya bahari au zaidi, mahali pasipokosa mvua, anaweza kuzipanda bila hofu.

Majira ya kupanda ni mwanzo wa mvua za masika, Machi na Aprili, na tena mwanzo wa mvua za vuli, Oktoba na Novemba. Mwenye maji ya kunyunyizia anaweza kupanda hata katikati. Katika Kinangop na sehemu nyingine za juu kuna adui mmoja wa kuangaliwa, nalo ni jalidi, yaani umande ulioganda, ambao hushuka usiku usio na mawingu katika miezi ya kiangazi, hasa Januari na Februari. Majani ya njegere huvumilia baridi hiyo kidogo, lakini maua na maganda machanga huharibika. Mkulima mwenye akili huhesabu siku kinyumenyume: akijua mwezi ambao jalidi hupiga kwake, hupanda mapema ili mavuno yawe yameingia ndani kabla ya wakati huo.

KUTAYARISHA KITANDA

Kitanda cha urefu wa mita 5 na upana wa mita 1 na robo chatosha kwa kuanzia. Ardhi ilimwe mpaka udongo uwe laini, magugu yaondolewe, na samadi iliyooza kabisa ichanganywe. Samadi mbichi isitumike, maana huunguza mizizi. Mahali penye mvua nyingi kitanda kiinuliwe kidogo ili maji yasituame, kwa kuwa mbegu ya njegere iliyolala majini huoza kabla ya kuota.

Udongo mwekundu wa milimani mara nyingi una ukali wa asidi, na njegere haziupendi ukali huo. Chokaa ya kilimo hupunguza ukali, na jivu la jikoni likitawanywa kidogo kidogo husaidia pia. Mwenye shaka aombe ushauri kwa afisa wa kilimo wa eneo lake, na udongo ukapimwe, kuliko kubahatisha mwaka hata mwaka.

Mistari miwili itoshe katika kitanda, ikiachana kama nusu mita. Mbegu ziwekwe katika kina cha sentimita 3 hadi 5, zikiachana sentimita 5. Kwa hesabu hiyo kitanda kizima kitachukua mbegu 200, ambazo ni konzi moja tu. Mbegu huota baada ya siku 7 hadi 10. Ikiwa mbegu za dukani zimepakwa dawa, ambayo hujulikana kwa rangi yake, zilizobaki zisiliwe kamwe, wala zisitupwe mahali ambapo kuku au watoto wanaweza kuziokota.

Kuna jambo moja ambalo wakulima wengi hulisahau. Kitanda chote kikipandwa siku moja, njegere zote hukomaa pamoja, na nyumba hushiba wiki chache kisha ikarudia mahindi matupu. Heri kugawa kazi: kitanda cha kwanza leo, cha pili baada ya wiki tatu, na cha tatu baada ya wiki tatu nyingine. Hesabu yenyewe si ngumu. Ikiwa kila mmea katika 200 utatoa maganda 6, na kila ganda punje 5, hizo ni punje 6,000, ambazo ni kilo mbili na zaidi za chakula kibichi. Kikichumwa kwa muda wa wiki tatu, kitanda kimoja kitatoa vyungu viwili vya jamaa ndogo kila wiki. Vitanda vitatu vilivyopandwa kwa zamu vitafanya hivyo kwa muda wa miezi miwili. Haba na haba hujaza kibaba.

KUTUNZA

Mmea wa njegere una vikono vyembamba vinavyotafuta mahali pa kushika. Zipo aina fupi zinazojisimamia zenyewe kwa kuegemeana, na zipo ndefu zinazotambaa. Aina ndefu zichomekewe vijiti vyenye matawi mapema, zikiwa na urefu wa kiganja, kabla hazijalala. Njegere zilizolala chini hupata ukungu, huliwa na konokono, na kuchuma kwake ni taabu tupu. Vijiti hivyo havinunuliwi. Hupatikana ua wa boma unapopunguzwa.

Palizi ya kwanza ifanywe mapema, kwa uangalifu, maana mizizi haiendi mbali chini. Maji ni ya lazima hasa wakati wa maua na wa kujaza maganda. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi isitiwe, kwa kuwa mmea utajaa majani yenye kupendeza macho, na maganda yatakuwa ya kuhesabiwa kwa vidole.

Maadui wapo. Viwavi hukata mashina machanga usiku. Asubuhi wafukuliwe kando ya shina lililoanguka na kuuawa. Vidukari hukusanyika penye ncha laini. Nao huoshwa kwa maji ya sabuni kabla hawajazaana. Ukungu mweupe kama unga huja mvua zinapokwisha, hasa kwa njegere zilizochelewa kupandwa. Dawa kuu ya magonjwa mengi ni kuhama: mahali palipopandwa njegere pasirudishiwe njegere mpaka baada ya miaka mitatu au minne.

Juu ya dawa za kunyunyizia, habari moja yafaa ikumbukwe. Kenya hupeleka Ulaya njegere zinazoliwa pamoja na maganda yake. Mwanzoni mwa mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulizidisha ukaguzi wa njegere na maharagwe ya maganda yatokayo Kenya, kwa sababu mabaki ya dawa yalikuwa yameonekana ndani yake, na shehena moja katika kila kumi ikawa ya kupimwa. Mlaji wa Ulaya alilindwa na wapimaji bandarini. Mtoto wa nyumbani hana mpimaji. Analindwa na wazazi wake peke yao. Basi katika kitanda cha jikoni dawa kali zisitumike, na ikiwa hapana budi, maandishi ya chupa yasomwe, na siku zilizoamriwa kati ya kunyunyizia na kuchuma zitimizwe zote.

SAA YA KUCHUMA

Wazee walisema kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo ni ya kweli kwa ndizi na kwa mambo mengi ya maisha, lakini mwenye njegere akiifuata atapata hasara. Njegere huliwa mbichi, na utamu wake una saa yake. Punje inapojaa ina sukari. Ikiachwa juu ya mmea, sukari ile hugeuka wanga, ngozi huwa ngumu, na ladha hupotea. Aghalabu wakati huo hufika kati ya siku 60 na 90 tangu kupanda, kwa kadiri ya aina ya mbegu na baridi ya mahali. Dalili yake ni ganda lililojaa, lenye rangi ya kijani inayong'aa, ambalo halijaanza kukunjamana wala kufifia.

Tena mabadiliko hayo hayakomi ganda likichumwa. Katika mahali pa joto njegere hupoteza sehemu kubwa ya utamu wake kwa saa chache tu. Ndiyo sababu viwanda vinavyogandisha njegere hufanya haraka sana kuzitoa shambani na kuziingiza katika baridi. Gunia lililokaa sokoni tangu alfajiri, likasafiri garini mchana, likauzwa kwa gorogoro kesho yake, limekwisha kuacha utamu wake njiani. Tajiri wa mjini hawezi kuununua kwa bei yoyote. Lakini mama aliye na kitanda nyuma ya nyumba huweza kuteleka maji jikoni, akatoka na ungo, akachuma, akamenya, na njegere zikaingia chunguni kabla robo saa haijapita. Hii ndiyo heshima ya bustani ya nyumbani: inampa mtu wa kawaida kitu ambacho soko haliwezi kumpa.

Kuchuma kufanywe kila baada ya siku mbili au tatu, kwa mikono miwili, mmoja ukishika mmea na mwingine ukikata ganda. Mmea unaochumwa mara kwa mara huendelea kuchanua. Ulioachwa na maganda makavu hudhani kazi yake imekwisha, nao hufa.

MBEGU ZA KESHO

Hata hivyo mimea michache iliyo bora haina budi kuachwa bila kuguswa, kwa ajili ya mbegu. Njegere zina tabia njema: ua lake kwa kawaida hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka, na kwa hiyo mbegu ya aina safi humfuata mzazi wake.

Tabia hiyo iliifaidia dunia nzima. Katika mji wa Brno, ambao leo u katika Jamhuri ya Cheki, mtawa mmoja aliyeitwa Gregor Mendel alipanda njegere katika bustani ya nyumba ya watawa kuanzia mwaka 1856 hata 1863. Alihesabu mimea ipatayo 28,000, ya maua ya zambarau na meupe, ya punje laini na zilizokunjamana, akitaka kujua jinsi watoto wanavyorithi sura za wazazi. Alichapisha matokeo yake mwaka 1866, wala watu hawakuyajali. Alifariki mwaka 1884, na katika mwaka wa 1900 ndipo wataalamu walipotambua kwamba mtawa yule alikuwa ameweka msingi wa elimu ya urithi. Mkulima anayechagua mimea yake iliyo bora na kuiwekea alama ya uzi anafanya, kwa kadiri yake, kazi ya namna ile ile.

Maganda ya mbegu yaachwe mpaka yakauke na kulia yakitikiswa. Punje zikaushwe tena kivulini mpaka zisiingie ukucha, zichaguliwe, na zilizotobolewa na wadudu zitupwe. Kisha zichanganywe na jivu kavu na kuhifadhiwa katika chupa iliyozibwa. Mimea yenye ugonjwa isiachwe kwa mbegu hata kidogo, maana baadhi ya magonjwa husafiri ndani ya punje. Nyumba yenye chupa moja ya mbegu njema haitasimama mlangoni pa duka mvua inapoanza.

CHAKULA CHA UDONGO

Mwaka 1888 wataalamu wawili wa Ujerumani, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walitoa kitabu kilichoeleza fumbo lililowashangaza wakulima wa kale: kwa nini nafaka hustawi mahali palipotangulia jamii ya kunde. Walionyesha kwamba katika mizizi ya njegere na jamaa zake kuna vifundo vyenye vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Mkulima anaweza kuthibitisha jambo hili bila chombo chochote. Mmea unapoanza kuchanua na ufukuliwe mmoja kwa uangalifu, kifundo kikatwe kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, vijidudu vinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, havifanyi kazi.

Lakini njegere si mganga. Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huenda katika punje na majani, na mtu akichuma maganda, akang'oa mimea na kuitupa barabarani, udongo haukupata kitu cha maana. Mavuno yakiisha, mashina yakatwe usawa wa ardhi na mizizi iachwe ioze. Majani yafukiwe, au apewe ng'ombe au mbuzi na samadi yake irudishwe pale pale. Kisha kitanda hicho kipandwe sukuma wiki, kabichi au mahindi, ambayo yataona faida ya aliyetangulia.

NANI ALE KWANZA?

Linabaki swali moja ambalo halihusu jembe bali nyumba yenyewe. Mchuuzi akifika mlangoni na fedha mkononi, na kitanda cha jikoni kimejaa maganda ya kijani, ni rahisi kusema, "Chukua na hizi pia." Fedha zile ni chache na huisha kabla ya jioni, lakini chakula kilichouzwa kilikuwa cha wiki nzima, na mtoto mdogo hawezi kuja barazani kujitetea.

Basi yafaa mume na mke wapatane mapema, kabla mbegu hazijatiwa ardhini, kwamba shamba la chini ni la soko, na kitanda cha nyuma ni cha chungu. Watoto nao wapewe mstari wao wa kupalilia na kuchuma, wajue kwamba walichokifanyia kazi watakila. Mapatano kama hayo hayagharimu hata senti moja. Na siku ambayo mama atatoka na ungo wake jioni, maji yakiwa yanachemka, na watoto wakimfuata wakishindana kumenya na kutafuna punje moja moja njiani, hapo nyumba ile itakuwa imevuna mavuno ambayo gari la mchuuzi halikuyachukua.